Shikamoo ya Getini

Msimamizi wa uwanja wa mbio za pikipiki pale Kanoni ana kazi ya akili sana: kutwa nzima analainisha kwa reki matuta ambayo watu wamekuja kuyavuruga. Akimaliza la mwisho, la kwanza limeshakuwa shamba la viazi, naye hulirudia bila kununa. Lakini mapenzi yake makubwa ni shikamoo. Getini hupiti mpaka uvue helmeti, usogeze uso, umwamkie. Jovitus, bingwa wa Omurushaka kwa mujibu wa Jovitus mwenyewe, alimwona ni mzee mwenye njaa ya heshima tu. Siku ya mashindano alifika akitafuna punje za kahawa kavu kwa bidii ya mbuzi, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Sijasikia, mwanangu. Sogea."

"Shikamoo!"

"Tena."

Akarudia, akimhurumia moyoni. Labda nyumbani hakuna anayemwamkia. Mkono wenye sugu za reki ukapita ubavuni mwake, ukachomoa ufunguo wa pikipiki taratibu, kama unachuma kahawa iliyoiva.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee. "Na hiyo pombe yako ya ndizi nayo, marahaba. Imeniamkia mara tatu."