Ile Iliyotakiwa Iwe Juu

Mashine ya maabara yetu hapa Lamu haina haraka, na mimi sijui kusubiri. Nikishatia damu huzunguka chumba, hufuta meza iliyo safi, hufungua friji na kuifunga. Wenzangu husema ipo siku nitaitoboa sakafu.

Siku ile nilikuwa na sababu. Mwalimu mmoja wa Faza, mimba ya kwanza, miezi saba, alikuja na mamake, presha imepanda na miguu imevimba. Daktari alitaka kujua hali ya kondo la nyuma. Likiwa zima, humwaga protini ya ukuaji kwenye damu ya mama. Likichoka, protini hupungua, na kifafa cha mimba huwa karibu. Kipimo chetu kina kingamwili zinazoidaka protini hiyo peke yake, kama mama amtambuavyo mwanawe kati ya watoto wote wa kanzu nyeupe wanaotoka chuoni.

Mama mtu alisimama mlangoni akinisimulia presha ya mumewe, jinsi walivyohangaika mpaka ikateremka. Sikumsikiliza vizuri. Jibu lilipotokea niliisoma namba mara mbili. Nikasema, zaidi kujiambia mwenyewe, kwamba iko chini sana.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ya babake nayo ilipokuwa tini ndipo tulipopumua."

Nilikuwa tayari nampigia daktari, simu haishiki, na maneno yale yakanipita. Nilipotoka benchi lilikuwa tupu. Mfagiaji akaniambia wale wa Faza wameondoka wakicheka, wanawahi boti kabla maji hayajakupwa.

Nilikimbia na glavu zangu mikononi, nikibanana na punda vichochoroni, nikiilaani mitaa ambayo hata baiskeli haipiti. Niliogopa, tena sana. Gatini injini ilikuwa inanguruma, na binti ameshaketi kati ya magunia ya unga, kashika kiuno.

"Bi, mshushe," nikamwambia mamake. "Presha hutakiwa iwe chini. Hii ilitakiwa iwe juu. Mtoto na mamake wako hatarini, aende hospitali kubwa leo hii."

Nahodha alinung'unika kwamba maji hayamngojei mtu. Mama aliruka gatini, akaishika kamba ya boti kwa mikono miwili na kuivutia kifuani, na hakuiachia mpaka binti yake aliposhusha mguu wa pili.