Mashine ya Baba na Ulanzi wa Jirani

Jumapili iliyopita kanisani, hapa Iringa, spika ilianza kukoroma, trr-trr-trr, kisha simu ya mama mmoja ikaita. Watu walicheka. Mimi niliinamisha kichwa, uso unaniwaka. Mlio ule naujua, rafiki yangu, na bado unanitia aibu.

Baba alikuwa mwalimu wa fizikia, na jioni meza yetu ilinuka risasi ya kuchomelea nyaya. Aliagiza kibomba cha kioo kinachotoa mshtuko wa umeme kila mionzi inapopita. Mshtuko wenyewe mdogo mno, kwa hiyo aliukuza kwa transista za redio mbovu mpaka ukasikika kwenye spika: tik, tik. Kisha akaunga nyaya kwenye kitufe cha jawabu cha kalkuleta ya sokoni, ikawa inahesabu yenyewe. Sisi watoto tuliona baba hana mpinzani nchi nzima.

Msimu wa mvua jirani yetu aligema ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi yake, akauuza uani kwa mbeta, kile kipimo cha mwanzi. Wa asubuhi ulikuwa mtamu, hata watoto tulipewa. Ndio uliomlisha. Siku moja baba alibeba mashine akawaonyeshe wateja. Jirani alipoinama kumimina, spika ikakoroma, namba zikaruka.

"Mwalimu, kuna nini humo?" mteja mmoja aliuliza.

"Mionzi," baba akajibu kwa fahari. "Tena mingi!"

Mbeta zikawekwa chini, watu wakaondoka.

Jioni ndipo alipong'amua: ilikuwa simu ya jirani, aliyoifunga kwenye pindo la kitenge. Mwalimu wa fizikia, jamani! Kesho yake alirudi, akaeleza, akaiweka mashine juu ya mtungi wa ulanzi, ikalia taratibu kama mezani kwetu: Tik. Tik.

"Ameipunguza sauti huyo," wakasema. Kelele waliziamini papo hapo. Utulivu hakuna aliyeuamini.

Jirani hakugomba. Alituletea mbeta imejaa.

"Kamwene, mwalimu," akasalimu kwa Kihehe. "Yameisha hayo, kunyweni na watoto."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Habari ya simu tuliielewa sote nyumbani. Lakini hakuna aliyeonja, hata baba. Asubuhi ulanzi ulikuwa umeumuka na kumwagika mezani.

Kabla mvua hazijakatika, jirani alihamia Igawa kwa binti yake. Mianzi ilikatwa, pamejengwa fremu za maduka. Mbeta hatukuirudisha, tungemwambia nini? Ipo jikoni kwa mama mpaka leo, imejaa miiko, na nikienda kumsalimia huwa nakaa nikiipa mgongo.