Mashine ya Kumpunguza Kaka Sauti

Mwaka tisini na mbili, pale mtaani kwetu Kabeza, jirani yangu Melchior alitoboa matundu kwenye sinia la mkewe bila kuomba ruhusa. Donatille alilitafuta apepetee maharage, akalikuta mezani limefunikwa kifudifudi, vifundo vya kuongezea na kupunguzia sauti, vya redio mbovu, vimechomoza mgongoni.

"Papa Natacha, hii iko nini?"

"Mashini ya kuchanganya sauti, Mama Natacha. Ya sherehe ya mtoto."

Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili aliniambia mimi, maana nilimwazima chuma cha kulehemu, na mwazimaji ana haki ya umbea. Kwetu msemaji wa upande wa binti huwatania wanaokuja kuposa, nao hujibu, watu hucheka, mwisho binti hutolewa. Msemaji wa ukoo wao alikuwa mzee Nahimana, kaka mkubwa wa Melchior, na ulimi wake haukuwa na breki. Waposaji wa kwanza wa Natacha, binti wa Melchior, waliondoka kwa hasira, pombe haijaisha. Sasa walikuwa wanakuja wa Achille, na Achille ndiye Natacha aliyempenda kweli. Kumvua mzee usemaji haikuwezekana. Kumpunguza sauti, labda.

Basi kila kipaza sauti kikapata njia yake ndani ya sinia, na kila njia kifundo chake. Mwanzoni sinia lilinguruma lenyewe, mpaka Melchior alipoliunga kwa waya kwenye bomba la maji. Kifundo chekundu cha kaka, cha kijani cha mgeni.

Siku ya posa tukajibanza naye nyuma ya spika, hatuoni mbele. Huko mbele, kama tulivyokuja kuambiwa baadaye, Nahimana alifanya uungwana wa kwetu: mwenyeji hampi mgeni kinywaji kabla hajakionja mwenyewe. Akashika kipaza sauti chake, akakijaribu, akaona ni kizuri, akamkabidhi Rwema, msemaji wa akina Achille. Yeye akachukua kile kingine.

"Hawa watu wametoka wapi na vumbi yote hii?" akaanza. Melchior akashusha chekundu. Sauti ya kaka ikazidi kutikisa spika. Fundi huyu akadhani waya umelegea, akashusha zaidi.

Rwema akajibu, sauti ikatoka kama ya mtu anayeungama. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akainama kukifuata. Utani wake haukusikika, akauacha. "Mzee, tunaomba mtoto," akasema tu.

Nahimana akawageukia watu wa kwake. "Wale wa kwanza walikuja kushindana na mimi," akasema. "Huyu ndiyo anaomba. Tumekubali."

Hapo Donatille akaja mbio nyuma ya spika, akatunong'oneza kwamba vipaza sauti vimebadilishana mikono. Kumbe cha kijani ndicho kilikuwa cha kaka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Melchior akahamishia kidole kwenye cha kijani haraka.

Lakini mzee alikuwa bado anasema. "Huyu mtoto nilimubeba mimi, mama yake akiwa mugonjwa. Mumutunze." Kisha akalia, na Kabeza nzima ikamsikia. Kicheko kikaniisha. Melchior alikuwa na kidole juu ya kifundo chenyewe sasa, angeweza kumsitiri kaka yake.

Hakukishusha.