Ugali Ambao Simu Haikuuliza

Mjukuu wangu alikuja kutoka Nairobi, akaisimamisha simu yake kwenye mkebe wa chumvi jikoni kwangu hapa Mamboleo. Anatengeneza programu ya kupanga mapishi, yenye akili ya mashine ndani. Ukiongea inaandika, usipoeleweka inakuuliza. Nikamwambia mimi nilifunzwa kupika kwa kugongwa mwiko vidoleni, si kwa kuulizwa maswali.

"Dani," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "nataka fulu za mama. Nimejaribu zimenishinda. Naanza kusahau ladha yake."

Mama yake alikuwa mke wa mwanangu. Alifariki huyu akiwa hajaanza shule. Ladha ndiyo mtoto alibaki nayo.

Sikubishana tena. Fulu, hao samaki wadogo wa ziwani, mama yake nilimfundisha mimi, kwenye mafiga yangu. Kwetu bibi harusi hupika kwa mama mkwe kabla ya kupewa jiko lake. Nikajua mapishi ninayo.

Tulienda soko la Kibuye. Zamani fulu walianikwa mpaka unakosa pa kukanyaga. Sasa ni mama mmoja tu alikuwa nao, kidogo kwenye karai, kando ya omena, wale dagaa. Mjukuu akauliza simu kama omena wangefaa badala yao. Simu ikakubali haraka. Muuzaji akacheka: "Huyo mwambie aje aonje kwanza."

Nikapika. Simu ikauliza maziwa ni vikombe vingapi.

"Vikombe ni vya chai," nikaijibu. "Maziwa unamwaga mpaka sufuria inyamaze."

Nikasonga ugali, tukaketi. Akaonja. Akaonja tena, polepole.

"Ni tamu, Dani. Lakini si hii."

Nilikasirika. "Mama yako alijua nini ambacho sikumfunza?" Kisha nikauona ugali wangu kwenye sahani, mweupe, wa mahindi.

Mama yake alitoka Port Victoria. Alipoolewa alikuja na gunia la unga wake, mtama uliosagwa pamoja na muhogo mkavu. Alipousonga mara ya kwanza nilimuuliza mbele ya wageni, "Sasa hii ni ugali ama ni matope?"

"Mama, kula kwanza," akasema. "Utatukana ukishashiba."

Nilikula. Tangu hapo fulu zangu hazikuliwa bila ugali wake. Tulipomzika, unga ule uliisha na hakuna aliyenunua mwingine. Tukarudi kwa mahindi, basi.

Simu iliuliza chumvi, moto, maziwa. Ugali haikuuliza, mtoto hakuuliza, nami sikusema. Huku kwetu nani anaulizwa ugali?

Kesho yake tulipeleka mtama na muhogo kwa mashine ya kusaga, nikasonga. Harufu ilipopanda, mjukuu wangu aliiweka simu chini. Alimega tonge, akachovya, akala akiangalia ukuta. Alikula mpaka sahani ikaisha. Halafu akaomba ukoko, vile alivyokuwa akimwomba mama yake.

Nikamkwangulia sufuria.

Baadaye akaichukua simu. "Unga kiasi gani, Dani?"

"Mpaka mwiko ukatae."

Simu ikauliza mwiko ukatae nini. Akaizima sauti, akaandika mwenyewe kwa kidole, vile vile nilivyosema. Kisha akainuka, akabandika maji.

"Nipishe, Dani. Sasa nisonge mimi."

Nikampa mwiko.