Vipande vya Ngozi Ndani ya Karatasi

Mwezi uliopita nilikuwa saluni, Kihonda, nasubiri zamu yangu ya kusukwa, binti wa kiti cha pili akafungua chupa ya rangi ya kucha. Harufu ile kali, yenye utamu wa mbali, ikanipanda puani, na unyayo wangu wa kulia ukajikunja wenyewe ndani ya kiatu. Msusi akaniuliza kama nimeumwa na siafu. Nikacheka tu. Ningemwelezaje kwamba nimemkumbuka anti Salima?

Nilikuwa darasa la tatu, tunakaa Mwembesongo, hapa hapa Morogoro, vyumba viwili na ua tulioshirikiana na majirani. Mama yangu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Baba, fundi cherehani mpole asiyependa kelele, akaoa tena. Aliniambia nimwite mke wake mama. Sikuweza. Nikamwita anti, kama nilivyomwita mwalimu wa chekechea, naye hakunisahihisha hata siku moja.

Mwaka huo huo likanitoka dude unyayoni, chini ya kidole gumba. Kwanza lilikuwa kama punje ya mchele, gumu. Likakua likawa kama kifungo cha shati, katikati lina vidoa vyeusi, na nikikanyaga nasikia kama kuna kokoto imeingia ndani ya nyama. Nikaanza kutembelea ukingo wa mguu. Baba alidhani ni sugu. Akalikata kwa wembe, damu ikatoka nyingi, na baada ya wiki chache likarudi kubwa zaidi, limeleta na wadogo zake wawili.

Anti Salima ndiye aliyenipeleka zahanati. Nesi akautazama mguu, kisha mimi nikakaa nje kwenye benchi, anti akabaki ndani akizungumza naye. Alipotoka alikuwa na kichupa kidogo cheusi na plasta, na uso wa mtu aliyepewa kazi. Hakuniambia chochote zaidi ya, "Ni chunjua. Haikatwi. Tutaiondoa wenyewe, ila inataka subira."

Nilijiuliza kwa nini nesi hakunieleza mimi mwenye mguu.

Basi kila jioni, kabla ya kupika, alinikalisha kwenye kigoda. Alinitumbukiza mguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu mpaka vidole vikakunjamana. Kisha alichukua jiwe la kusugulia miguu, akasugua ile chunjua taratibu, ngozi ikawa inatoka nyeupe, vipande vipande. Akapaka mafuta ya mgando pembeni, kwenye ngozi nzima. Ndipo akafungua kichupa, na harufu ile ikajaa chumba. Tone moja. Akapuliza likakauka, akabandika plasta.

Mimi nilimwangalia mikono yake kama askari anayemlinda mahabusu. Maana kulikuwa na mambo. Beseni lile lilikuwa langu peke yangu, na taulo, na jiwe; mtu mwingine hakuruhusiwa kuvigusa. Nikaona ananitenga kama mwenye ukoma. Alinikataza kwenda bafuni bila kandambili, wakati watoto wote wa ua ule walikwenda pekupeku. Lakini kubwa kuliko yote ni karatasi. Kila alipomaliza, aliokota vipande vya ngozi yangu kimoja kimoja, akavifunga kwenye karatasi ya daftari, akatoka navyo.

Jirani yetu mmoja, aliyependa kutusimulia habari za wachawi tukimchambulia mchicha, alikuwa ametueleza watoto kwamba mtu akitaka kukumaliza huanza na kucha zako, nywele zako, ngozi yako. Kucha na nywele zangu sikuwahi kumwona anti akizichukua. Ngozi ndiyo alikuwa akiichukua, mchana kweupe, kila siku.

Siku moja nikamfuata kwa kunyata. Aliingia chooni na karatasi mkononi. Akatoka bila karatasi. Nikarudi mbio kwenye kigoda changu kabla hajaniona. Mtu mzima angeridhika. Mimi nikasema moyoni: ameificha humo, atairudia.

Mjomba wangu Kibwana, kaka yake mama, alikuwa akishuka kutoka milimani kila wiki kuleta ndizi sokoni. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba si la kupuuzwa. Nilipomkuta sokoni nikamwambia kila kitu, na nikaongeza chumvi kidogo. Nilisema ananikata nyama.

Jumamosi iliyofuata akaja nyumbani. Alikataa chai. Baba akakaa kwenye mkeka akiutazama ukucha wake.

"Bibie," mjomba alisema, "nasikia unamkata mtoto nyama, unaifunga kwenye karatasi. Unaipeleka wapi?"

"Siyo nyama, shemeji, ni ngozi iliyokufa. Naitupa chooni," anti alijibu. "Nesi alisema inaambukiza. Nisiache vipande sakafuni watu wakavikanyaga."

"Nesi gani huyo?"

"Wa zahanati."

"Mbona baba mtu hamjui?"

Anti akamtazama baba. Baba aliendelea kuutazama ukucha. Hapo mjomba akanigeukia.

"Mwanaidi, wewe umewahi kuona akivitupa chooni?"

Niliona. Niliona kwa macho yangu mawili. Anti Salima alinitazama, wala hakunikazia macho, alisubiri tu.

"Sijaona," nikasema.

Ikaamuliwa niende kwa bibi, Kinole, huko milimani, mpaka likizo iishe. Nilitegemea anti atapiga kelele au atalia. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wenye nguo zangu, na juu ya nguo kichupa, plasta, jiwe, na kopo la mafuta. Akamweleza mjomba pale mlangoni, polepole, kana kwamba hakutukanwa: loweka, sugua, paka mafuta pembeni, tone moja tu, pakichubuka pumzisha mpaka papone. Mjomba alipokea mfuko ule kwa vidole viwili.

Bibi naye hakuuamini. Alikiweka kichupa juu ya kabati la vyombo na kuanza na dawa yake, utomvu wa papai bichi. Siku ya nne ngozi nzima ya pembeni ilikuwa imeungua, nyekundu, na chunjua yenyewe iko palepale imetulia. Akaacha. Akasubiri nipone. Kisha akakishusha kichupa, akakinusa, akakunja uso.

"Kwanza tuone kama kitanila mimi," alisema, akajipaka kwenye sugu ya kidole gumba chake. Siku tatu alinionyesha kidole kile asubuhi na jioni, kama tunaangalia kifaranga kitakufa au kitapona. Kidole hakikufa. Sugu ikalainika.

Basi akaanza na mimi. Maji ya vuguvugu, jiwe, mafuta, tone. Na siku ya kwanza tu, alipomaliza kusugua, bibi yangu mzaa mama, ambaye nisingemshuku hata kama angenikata kidole, aliokota vipande vile kimoja kimoja, akavifunga kwenye jani la mgomba, akainuka.

"Bibi, unavipeleka wapi?"

"Chooni. Ulitaka nivimwage hapa wenzako wakanyage?"

Nilikaa pale mguu unachuruzika maji. 

Likizo ilipoisha chunjua ilikuwa imebaki kivuli. Bibi alinirudisha mwenyewe, tukashuka na mkungu wa ndizi. Anti Salima alikuwa uani anafua. Nikamwamkia shikamoo, na kabla hajaitikia alikuwa amekwisha piga magoti kwenye sabuni, ameushika mguu wangu na kuugeuza. Alipitisha kidole pale mahali. Mistari ya ngozi ilikuwa imeanza kurudi.

"Bado kidogo," alisema. "Tusiache sasa."

Tuliendelea mwezi mmoja zaidi. Sikumwomba msamaha. Nilianza tu kumwita mama, siku moja nikiomba chumvi, na wote wawili tukajifanya hatukusikia tofauti.

Mwaka jana nilimjazia fomu ya bima ya afya, nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile ya mjomba.

"Nakumbuka. Nilikuona uliponifuata chooni," alisema. "Kivuli chako kilikuwa mlangoni."

"Na hukusema?"

"Ningekuita mwongo mbele ya mjomba wako, angekubali kubeba ile dawa? Mguu wako angeutibu nani?"

Nikainama kuendelea na fomu. Nilipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa nikapiga hesabu kichwani, nikarudia tena. Siku zote zile nilimwona ni mtu mzima, mwenye hila za mtu mzima. Mwaka ule wa chunjua alikuwa na miaka ishirini na moja. Hakuwa na ndugu hata mmoja Morogoro, mume wake hakumtetea, na kila jioni aliinamia unyayo wa mtoto aliyemtazama kama mwizi, akiusugua polepole asije akamuumiza.