Siku Mhandisi Alipomwomba Mtani Wake Amtanie

Aliyenipa habari alianza kwa kuniuliza hali ya nyumbani, kisha hali ya watoto, kisha mvua za upande wetu, na kabla hajafika kwenye mvua nilikwishajua kuna jambo, maana bwana huyu huwa hana muda wa salamu. Yule mama mhandisi wa vipimo vya umeme amefariki, akasema, hapa hapa Morogoro mjini, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nimeumia. Hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kutembeleana. Tulifahamiana kwa ugomvi, na nadhani angependa niliseme hilo mwanzoni. Misiba yetu ina tabia ya kumgeuza kila marehemu kuwa malaika mara tu anapofunikwa sanda. Huyu hakuwa malaika. Alikuwa mbishi, mwepesi wa kukasirika, na akishika jambo lake habanduki. Nilimheshimu hivyo hivyo alivyokuwa.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye safu hii. Niliandika, kwa mzaha ninaoujua mwenyewe, kwamba mita za umeme za viwandani hukisia tu, kwa kuwa umeme mkubwa namna ile hauwezi kupita ndani ya kiboksi kidogo ukutani. Kesho yake simu ikaita. "Wewe ndiye mwandishi? Shikamoo yako sitaki. Njoo ofisini nikuonyeshe ulichoandika." Nikaenda. Akaniketisha, akaniambia jambo ambalo mpaka leo nalikumbuka kwa sababu alilisema kama mtu aliyekulia milimani. Mto Morogoro wakati wa masika, alisema, hakuna mwenye akili anayeingia katikati na ndoo kuupima. Unachepusha mfereji mdogo, ukihakikisha unachukua sehemu ile ile ya maji kila wakati, ukipima mfereji unaujua mto. Transfoma za kupimia ndizo mfereji wenyewe. Ya mkondo ni kama pete. Waya mkubwa wa umeme hupita katikati yake, na kwenye nyaya zake mbili nyembamba hutoka mkondo mdogo, unaopanda na kushuka sawasawa na ule mkubwa. Ya volti nayo hushusha volti za kutisha zikawa za kiasi ambacho mita inaweza kuvumilia. Mita haikisii, akasema. Inasoma kilicho kidogo, halafu inazidisha.

Kisha akaniambia habari iliyonikaa akilini. Transfoma hizi mbili zina miiko inayopingana. Ya volti, nyaya zake nyembamba usiziunganishe zenyewe kwa zenyewe, itaungua. Ya mkondo ni kinyume: nyaya zake usiziache wazi hata kidogo wakati umeme unapita. Mkondo ule mdogo lazima uwe na njia ya kuzunguka. Ukiukatia njia hautulii; volti hupanda pale ulipokatwa mpaka ziruke cheche, na mtu aliyeshika anakufa. Kwa hiyo kabla ya kufungua mita, fundi huziunganisha kwanza zile nyaya mbili kwa vipande vya chuma vilivyowekwa kwa kazi hiyo chini ya mita. Katika kikosi chake ilikuwa sheria kwamba anayeviunganisha aseme kwa sauti, "Nimefunga," na mwenzake ajibu, "Umefunga," ndipo mkono uguse mita. Vijana wa ofisini walimcheka kwamba anaendesha chekechea. Hakujali.

Sasa nije kwa mtani. Alikuwa na fundi wake wa miaka mingi, Mnyamwezi kutoka Tabora, na kwa kuwa yeye mama alikuwa Mluguru wa Mkuyuni, wawili hawa walikuwa watani kwa desturi, na walitaniana kutwa nzima mpaka wageni wakadhani wanagombana. Mama yake mhandisi akafariki. Fundi akaenda Mkuyuni msibani kama inavyompasa mtani, na makaburini akakamata jembe, akalikalia, akatangaza kwamba bibi hazikwi mpaka Waluguru wamlipe fidia kwa kuchoshwa na kilima chao. Watu wakacheka, kama inavyotakiwa wacheke. Mhandisi hakucheka. Alikuwa amemuuguza mama yule kwa mikono yake mwenyewe na hakuwa amelala. Akamwambia mbele ya wajomba zake, "Huna adabu. Ondoka kwetu." Wenye desturi zao wanajua uzito wa neno hilo, kwa sababu mtani hafukuzwi msibani. Yule bwana akaliweka jembe chini, akaondoka bila kuonja chakula. Mimi nasema wote wawili walikosea, yule kwa kutousoma uso wa mfiwa, huyu kwa kumwaibisha mtu aliyekuja kumzika mama yake. Toka siku ile hawakusemeshana tena. Walipanda gari moja na kubeba mfuko mmoja wa zana, wakatumiana maneno kwa kupitia watu wengine.

Nilikuwepo siku hayo yalipofikia ukingoni. Tulikwenda kwenye mashine ya kukoboa na kusaga nafaka nje kidogo ya Mlali, kubadilisha mita iliyokuwa ikisoma pungufu. Ilikuwa mchana, msimu wa mavuno, na mwenye mashine alikataa katakata kuzima. Kabati la mita lilikuwa kwenye ujia mwembamba kati ya kuta mbili. Kwa kuwa nilitaka kuona, nilijipenyeza nikakaa upande wa ndani kabisa, fundi akasimama mbele ya kabati, na mhandisi akawa upande wa mlangoni. Kutoka nisingeweza bila kumsugua fundi mgongoni. Njia nzima wawili hawa walikuwa wamenitumia mimi. "Mwandishi, mwambie huyo ashike tochi." "Mwandishi, mwambie bosi wako tochi nimeshika." Nilianza kwa kuona kichekesho, baadaye nikachoka, kisha nikaanza kuogopa bila kujua kwa nini.

Mhandisi aliinama na bisibisi yake kwenye vile vipande vya chuma. Wakati huo huo mwenye mashine akatokea mlangoni akilalamika kwamba wanamchelewesha, mhandisi akainuka kumjibu, tena kwa ukali wake ule. Fundi alimwona akiinama, akamwona akiinuka. "Nimefunga" haikusemwa. Fundi alinitazama, na nina hakika alitaka kuniambia niulize. Akasita. Midomo ikajikaza, akageukia mita, akatia bisibisi kwenye skrubu ya kwanza akaanza kuilegeza, mkono wa pili ukiushika waya uliobanwa nayo.

Nilisikia mvumo. Ulitoka juu kwenye zile transfoma, mzito, nao ukapanda kila mashine zilipomeza gunia jipya. Penye ncha ya waya pakatoka cheche ndogo ya buluu. Mhandisi aligeuka, na uso wake ukaniambia kila kitu. Swichi kubwa ilikuwa nje, nyuma ya ghala, mbali mno kuikimbilia, na mwenye mashine alikuwa ameshaondoka. Hakupiga kelele, hakumshika bega wala mkono. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Mtani."

Fundi akaganda.

"Sijafunga. Usiuvute waya. Usiuachie. Urudishe ndani, ubane hapo hapo."

"Naubana."

"Nakuja chini ya mkono wako na bisibisi. Sitakugusa."

"Unakuja chini ya mkono wangu. Hutanigusa."

Akapiga goti, akapitisha mkono chini ya kwapa la yule bwana. Mimi nilikuwa nimejibana ukutani, natamani nisipumue. Jasho lilimtiririka fundi usoni likaingia machoni, naye hakuweza kulifuta. Cheche ilitokea tena. Kipande cha kwanza cha chuma kilikuwa kigumu, kimeshika kutu, na bisibisi iliteleza.

"Waya unaniteleza, mama," fundi akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita mama bila mzaha.

"Ongea nami."

"Niseme nini?"

"Nitanie."

Mashine zikameza gunia jingine, mvumo ukapanda.

"Nitanie, nakuomba!"

"Nyie Waluguru," akaanza, na sauti yake ilikuwa inakatika, "nyie mmezoea kupanda mlima tu. Mkipewa skrubu mnaipanda."

"Ehe."

"Ningekuwa nimekuja na mbuzi wa Tabora, saa hizi angekuwa ameshakaza."

"Ehe, endelea. Kimekaa kimoja. Endelea!"

"Na ukiniua hapa, mtanibeba mpaka kwetu mgongoni, maana magari hamjui kuendesha."

"Nimefunga," akasema mhandisi.

Mvumo ukakatika.

"Umefunga," akajibu fundi, lakini mkono hakuutoa. Ilibidi mhandisi ainuke, amfumbue vidole taratibu kutoka kwenye ule waya. Kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi la pumba, akalia kilio kile ambacho nadhani hakukilia Mkuyuni. Akasema, "Nisamehe, mtani. Ningekuzika na neno lile mdomoni." Fundi naye akachuchumaa, akafuta uso kwa kiwiko, akasema na yeye siku ile makaburini alizidisha. Hapo mwenye mashine akachungulia kuuliza kama wamemaliza. Wote wawili walimfokea kwa pamoja.

Nimefikiria sana juu ya kununa. Tunanuna ofisini, tunanuna shuleni, tunanuna wodini, kisha tunajisifu kwamba kazi inaendelea. Nawajua walimu wawili wanaofundisha darasa moja na kusalimiana kupitia mwalimu wa zamu. Namjua dereva asiyemsemesha utingo wake wa lori, na lori linashuka mlima. Tunadhani kimya chetu ni adabu, kwa kuwa hatukutukanana. Siku hizi mita mpya hutuma zenyewe hesabu zake kwa mtandao, na utasikia watu wakisema kazi ya mikono imekwisha. Nyuma yake pete ni zile zile na nyaya nyembamba ni zile zile. Bado kuna mtu lazima amwambie mwenzake kwamba amefunga, na bado kuna siku hataki kumwambia.

Tuliporudi mjini siku ile, mhandisi aliniomba nisiandike habari hii akiwa hai. Si kwa kuogopa wakubwa. Kwao aliripoti mwenyewe kesho yake, akajiandikia kosa. "Ni aibu tu," akasema. "Watu watadhani ni umeme uliokaribia kumuua mtani. Ni mimi na mdomo wangu." Nikatunza neno.

Alizikwa Mkuyuni Ijumaa baada ya swala. Mtani alikuwepo, amezeeka kidogo, na sitasimulia alichokifanya pale makaburini ila kwamba wajomba walicheka mpaka wakalia, na hakuna aliyemfukuza. Baadaye nilimfuata pembeni nikamwomba ruhusa yake, kwa kuwa habari hii ni yake pia.

"Andika," akasema. "Lakini usikosee utaratibu. Aliniita kwanza, ndipo akaja na bisibisi. Angenigusa bila kuniita ningeshtuka, ningeuvuta ule waya, na wewe ungekuwa umeshaniandika mimi zamani."

Basi nimeandika kwa utaratibu huo. Nawe unayesoma, kama kuna mtu unayeshika naye kazi moja na hamsemeshani, usingoje aanze yeye. Mwite leo.