Vantilateri ya Papa Kalonda

Mtu mzima akikuharibia kazi kwa wema wake, unamwambiaje?

Leo nilikuwa nachomelea bomba la inoksi, chuma kisichoshika kutu, la kitanda cha kuzalia cha materniti.

Mshono ukatoka mweusi, na vitundu kama mkate.

Nikaangalia chupa ya argoni, ile gesi inayozuia hewa isiguse chuma cha moto. Imejaa. Nikapaka mpira wake maji ya sabuni. Hauvuji. Nikasugua bomba, nikaanza upya.

Mweusi tena.

Deo, mwenzangu wa kazi, akacheka. "Dada, unachoma makala ya jiko? Rangi ya milango inakungojea."

Kweli inaningojea. Papa Kalonda, mwenye atelye hii ya kuchomelea, alisema nikiharibu bomba hili narudi kupaka rangi.

Ndipo nikahisi ubaridi shingoni.

Vantilateri. Papa aliitoa feni hiyo nyumbani kwake akanielekezea mimi, eti mtoto wa kike asiteswe na joto. Kumbe inapeperusha gesi yote.

Nikaizima. Mshono ukatoka safi, unang'aa. Karibu nilie.

Papa akaja, akainama kuuangalia. "Sasa hii njo kazi, mwanangu."

Halafu akageuka. "Deo, njo wewe umezima? Unataka mutoto afe na joto?"

Akaiwasha. Akaisogeza karibu zaidi.

Na mimi, kwa haya zangu, nikasema, "Aksanti, Papa."

Nimetoka nje kuandika hii. Upande wa pili wa bomba bado, na Papa ameketi palepale anangoja kuona.

Ninyi mungesema nini?